Kutoka Tunduru hadi Msasani: Maisha na Kazi ya Edward Saidi Tingatinga

Mchoraji mwenye jina kubwa kuliko wote katika historia ya Tanzania hakuwahi kuketi katika darasa la sanaa. Alifika Dar es Salaam kama walivyofika maelfu ya vijana wa kusini, kutafuta riziki. Alitumikia nyumba za watu, akauza mboga, akafanya vibarua vya ujenzi. Alipoanza kuchora kwa dhati alikuwa amekaribia miaka arobaini, na hapo maisha yake yalibakiza takribani miaka minne tu. Katika miaka hiyo minne aliasisi mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina la ukoo wake, mtindo ambao wageni wengi wanaoondoka nchini kupitia uwanja wa ndege wa Kipawa huubeba kwenye mizigo yao.

Wengi huuza, hununua na kuiga picha za Tingatinga bila kumjua Tingatinga mwenyewe. Tena imezoeleka kusema kwamba uchoraji huu ni urithi wa kale wa Waafrika, kana kwamba ulikuwapo tangu enzi na enzi. Si hivyo. Una mwanzo unaojulikana, mahali panapojulikana na mtu anayejulikana. Ulizaliwa na jiji la Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya Uhuru: uhamaji wake, uhaba wake wa kazi, vifaa vyake vya dukani na mitaa yake ya matajiri iliyopakana na mitaa ya wanyonge.

Tunduru, 1932 hadi 1955

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, eneo linaloitwa Nakapanya siku hizi, wilayani Tunduru. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu. Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mmakua na Mkristo. Mtoto akabeba majina ya pande zote mbili.

Nchi aliyozaliwa ilikuwa bado inauguza majeraha. Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, viliua watu wa kusini kwa bunduki na kisha kwa njaa, maana Wajerumani walichoma maghala na mashamba ili kuwavunja nguvu waasi. Wangindo walikuwa miongoni mwa waliopigana mapema na walioumia zaidi. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, kusini iliendelea kuwa nchi ya pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walijenga reli kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga, lakini mradi ukashindwa, na reli nayo ikang'olewa muda mfupi baada ya Uhuru. Kijana wa Tunduru aliyetaka fedha ya kodi, nguo au mahari hakuwa na njia nyingi. Alilima kwa jembe la mkono au aliondoka.

Tingatinga alisoma miaka michache ya shule ya msingi, akarudi shambani. Elimu nyingine aliipata katika mazingira yake. Tunduru imepakana na mapori makubwa yanayoungana na nchi ya Msumbiji, na tembo, nyani, chui na simba walikuwa majirani wa kila mkulima. Kwa watu wa huko, tembo ni mharibifu wa shamba la mahindi na simba ni hofu ya usiku. Vilevile, katika vijiji vya Wamakua na Wamakonde watu walipamba kuta za nyumba kwa chokaa, udongo mwekundu na masizi, wakichora maumbo ya watu, wanyama na mapambo. Baadhi ya watafiti huona humo mizizi ya kazi zake za baadaye. Kwamba alikulia kati ya wanyama hao na kuta hizo ni jambo lisilobishaniwa.

Mkonge, kuanzia 1955

Mwaka 1955 aliondoka kwenda Tanga. Njia hiyo ilikuwa imekanyagwa na wengi kabla yake. Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa uzalishaji wa mkonge, na wenye mashamba walikuwa na wakala wao wa kuandikisha vibarua, SILABU, uliosomba wanaume kutoka Songea, Tunduru, Masasi na kwingineko na kuwapeleka kaskazini kwa mikataba. Watu waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake ya kazi. Kukata mkonge ni kazi ya miiba, jua na hesabu ya matita, na asiyetimiza kipande chake hulala bila ujira wa siku.

Maisha hayo yaliwafundisha vijana wa kusini jambo ambalo baadaye lingekuwa na faida: kushikamana ugenini. Mtu wa kwenu ndiye aliyekupokea, akakulaza na kukutafutia kazi. Tingatinga hakukaa mkongeni maisha yake yote. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha alipata wito wa ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, akaufuata.

Msasani na Oysterbay, hadi 1967

Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi. Uzunguni kulikuwa na bustani na upepo wa bahari. Uhindini kulikuwa na maduka na nyumba za ghorofa. Uswahilini kulikuwa na nyumba za vyumba sita na visima vya kugombania. Oysterbay ilipangwa iwe makazi ya Wazungu, na kando yake palikuwapo Msasani, kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na minazi na mikorosho, ambako wapishi, madobi, walinzi na watunza bustani wa Oysterbay walipata mahali pa kulala. Tingatinga aliishi hapo, eneo la Mikoroshini, na aliajiriwa kazi za nyumbani na bustani kwa ofisa wa Kiingereza.

Uhuru ulikuja Desemba 1961. Maofisa wa kikoloni wakaanza kufungasha, na watumishi wao wakabaki bila mwajiri. Wakati huohuo jiji lilikuwa likifurika. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu wapatao 129,000 Dar es Salaam. Ile ya mwaka 1967 ilihesabu wapatao 273,000. Ndani ya miaka kumi idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili. Bei ya mkonge nayo iliporomoka kuanzia katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, hata wale waliokuwa wakitegemea Tanga wakaelekeza macho yao Dar es Salaam. Kazi za kudumu hazikuongezeka kwa kasi hiyo.

Tingatinga aliingia katika maisha ambayo mkazi yeyote wa Temeke, Kipawa au Manzese anayajua: kazi hii leo, ile kesho. Aliuza matunda na mboga kwa wakazi wa Oysterbay. Alifanya kazi za ujenzi na kupaka rangi. Alikuwa pia mtu wa ngoma na muziki, na watu wa kwao walimfahamu kwa hilo kabla hawajamfahamu kwa picha. Alimwoa Agatha Mataka, wakajaliwa watoto wawili.

Kwa nini 1968

Mwaka unaotajwa kuwa mwanzo wa uchoraji wake ni 1968. Mambo matatu yalikutana mwaka huo.

La kwanza ni wanunuzi. Badala ya maofisa wa kikoloni, Oysterbay ilijaa mabalozi, wataalamu na walimu waliokuja kuisaidia nchi changa, wengi wao kutoka Denmark, Sweden, Norway na Finland. Walikuwa na mishahara mizuri, kuta tupu, na hamu ya kurudi kwao na kitu kutoka Tanzania. Vinyago vya Wamakonde vilikuwa vimeshawaonyesha wauzaji wa jiji kwamba soko hilo lipo.

La pili ni mfano wa kuigwa. Katika miaka hiyo picha za wachoraji wa Kongo zilikuwa zikichuuzwa mitaani Dar es Salaam. Huko Kongo, katika mji unaoitwa Lubumbashi leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji mwaka 1946, ambamo wachoraji kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walijenga namna yao ya kuchora ndege, samaki na wanyama kwa rangi kali. Picha za Kikongo zilipoonekana Dar es Salaam zikinunuliwa kwa fedha taslimu, Tingatinga aliziangalia akaona kwamba na yeye anaweza.

La tatu ni pengo. Tanzania ilikuwa na wachoraji waliosoma. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisomea Makerere na kisha London, akawa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Lakini uchoraji wa wasomi ulikuwa wa vyuo na maonyesho, na hakukuwa na mtu aliyeketi barabarani Dar es Salaam akiuza picha za mkono wake kwa mpita njia. Tingatinga aliliziba pengo hilo.

Ubao, rangi na mnyama mmoja

Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, ambazo zilikuwa ghali na adimu. Alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huko alipata hadibodi, ule ubao mwembamba wa kupigia silingi. Ubao mmoja wa futi nne kwa nane ukikatwa vizuri hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili bila kubakiza kitu, na umbo hilo la mraba ndilo likawa sura ya Tingatinga hadi leo. Rangi alizotumia ni zile za mafuta, zenye kung'aa, zilizouzwa kwa ajili ya kupaka baiskeli. Hazichanganyiki kwa ulaini kama rangi za studio. Ukizilazimisha, huchafuana. Kwa hiyo alizipanga kila moja mahali pake, safi, moja juu ya nyingine iliyokwisha kukauka.

Uhaba huo ndio uliozaa uzuri wake. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja ya usuli. Juu yake akaweka mnyama mmoja, mara nyingi mkubwa hadi akaribie kingo za ubao: chui, simba, tembo, swala, au ndege juu ya mti. Kisha akaja na nukta, mistari na vivuli vya rangi ya pili na ya tatu, hadi ngozi ya mnyama ikapata uhai. Hakuna upeo wa macho wala kivuli kinachoanguka chini, wala mlima wa mbali. Mnyama amesimama peke yake akikukazia macho.

Tofauti hiyo inafaa kuzingatiwa na kila anayepitia picha za leo zilizojaa twiga kumi, Wamasai watano na Kilimanjaro nyuma. Tingatinga mwenyewe alichora kidogo na kuacha pengo kubwa. Alijua pa kusimamisha mkono. Picha zake zilizobaki zinaonyesha mtu anayefikiri juu ya nafasi, uzito na jicho la mtazamaji. Kumwita fundi wa vitu vya watalii ni kumkosea.

Morogoro Stores, 1968 hadi 1972

Kituo chake cha kuuzia kilikuwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kando ya barabara ya Haile Selassie. Wakazi wa kigeni walifika hapo kununua mahitaji ya nyumbani, nao walikuta picha zimeegemezwa. Bei ilikuwa shilingi chache. Miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo alikuwamo Merit Teisen, mwanamke wa Denmark, ambaye alikusanya picha zake na kuwa mmoja wa watu wa kwanza kuandika habari zake. Bila wanunuzi wa aina hiyo, mengi tunayoyajua juu ya miaka hii yangepotea.

Wateja walipozidi, mikono miwili haikutosha. Tingatinga akawaita vijana wa kwao, wengi wao ndugu na jamaa kutoka kusini: Kasper Henrik Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata. Walikaa naye na kujifunza kwa kutazama na kutenda, kama afanyavyo mwanafunzi wa seremala: leo unapaka usuli, kesho unajaza nukta, hatimaye unachora mnyama wako na kuweka jina lako. Mshikamano uleule wa manamba ugenini ukawa shule ya sanaa. Kama angeuficha ujuzi wake ili asipate mshindani, uchoraji huu ungekoma naye.

Serikali nayo ilianza kumwona. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashirika ya umma yalipewa jukumu la kusimamia biashara nyingi, ikiwamo ya sanaa. Kampuni ya National Arts of Tanzania, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, ikachukua picha zake kuziuza na kuzionyesha. Katika miaka hiyo pia alipata ajira ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Mshahara wa mwezi na mauzo ya picha kwa pamoja vilimpa utulivu ambao hakuwahi kuwa nao tangu aondoke Tunduru.

1972

Utulivu huo haukudumu. Usiku mmoja wa mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake jijini. Polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walilidhania gari hilo kuwa la wanaotoroka, wakafyatua risasi. Tingatinga alipigwa na akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 40. Hakuwa amefanya kosa lolote.

Aliacha mke, watoto wadogo, kundi la vijana waliokuwa bado wanajifunza, na idadi ya picha ambayo kwa mchoraji yeyote mkubwa ni ndogo. Nyingi tayari zilikuwa zimeondoka nchini, ndani ya masanduku ya wataalamu waliomaliza mikataba yao.

Wanafunzi bila mwalimu, 1972 hadi 1990

Wanafunzi wangeweza kutawanyika. Badala yake walibaki pamoja, wakaendelea kuchora na kuuza kando ya Morogoro Stores, wakaanzisha ushirika wao uliobeba jina la mwalimu. Kila mmoja alivuta upande wake. Simon Mpata alihamia Kenya, akafanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 1984. Picha zake zilipendwa sana Japani, hata hoteli iliyojengwa na Wajapani kwenye miinuko ya Maasai Mara ikapewa jina lake.

Mwaka uleule wa 1972 Dar es Salaam ilipata kituo kingine, Nyumba ya Sanaa, kilichoanzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Kutoka huko alitokea George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, ambaye mashetani wake wenye masikio makubwa walimfikisha kwenye majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Lilanga hakuwa mwanafunzi wa Tingatinga, lakini rangi za mafuta na ubao wa mraba alivikuta vimekwisha kufunguliwa njia.

Kizazi cha pili kilipanua mada. Mohamed Charinda alichora hadithi za kijijini na historia, pamoja na machungu ya utumwa. Damian Msagula alijaza mbao zake viumbe na visa vya masimulizi ya kusini. David Mzuguno alichora misitu iliyosongamana majani na ndege hadi usuli ukapotea kabisa. Mtindo ulioanza na mnyama mmoja ukawa lugha ya kusimulia chochote: hospitali, mganga, soko, daladala, harusi.

Ushirika na soko, kuanzia 1990

Mwaka 1990 wachoraji walijiunga rasmi katika Chama cha Ushirika cha Sanaa za Tingatinga, chenye makao palepale Oysterbay. Wakati huo uchumi ulikuwa umefunguliwa na utalii ukaanza kukua, na soko likabadilika. Mnunuzi wa miaka ya 1970 alikuwa mkazi wa jirani aliyemjua mchoraji kwa sura. Mnunuzi mpya ni msafiri wa siku chache anayetaka picha ndogo, rahisi, inayokunjika. Turubai ya kitambaa ikaanza kushindana na hadibodi kwa sababu huviringishwa na kuingia kwenye begi. Picha zikaenea Zanzibar, Arusha, Bagamoyo na Nairobi, na wachoraji wengi wakawa hawana uhusiano wowote na ukoo wa wanafunzi wa kwanza.

Mwaka 2010 BBC ya Uingereza ilianza kurusha katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo huu. Watoto wa nchi nyingi wakaujua mtindo huo kabla ya kuijua Tanzania kwenye ramani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii mmoja mmoja. Mtindo wenyewe hauna mwenye kuumiliki, na ndiyo maana faida kubwa za jina hilo zimeweza kupatikana mbali na Msasani.

Deni letu

Mabadiliko hayo ya soko yalileta riziki kwa familia nyingi, na hilo si jambo la kudharau. Tingatinga mwenyewe alichora ili ale. Lakini pia yalifuta majina. Chui wa mwaka 1970 aliwekwa sahihi ya mtu. Picha nyingi za leo zinauzwa kwa jina la mtindo tu, na aliyechora hajulikani hata kwa muuzaji. Wasomi wengine wa sanaa wameuhukumu uchoraji wote kwa picha hizo za haraka. Wamekosea. Mtindo hupimwa kwa kazi zake bora, na kazi bora za Edward Tingatinga, za Mpata, za Msagula na za Mzuguno zinasimama zenyewe mbele ya hakimu yeyote.

Tatizo ni kwamba Mtanzania akitaka kuziona kazi halisi za Tingatinga mwenyewe ana nafasi finyu kuliko Mdenmark au Mjapani, maana huko ndiko zilikopelekwa na kutunzwa. Makumbusho ya Taifa, serikali na matajiri wetu wanaweza kuanza kuzinunua na kuzirudisha, hata moja moja. Shule za sanaa zinaweza kumfundisha kama mchoraji mwenye mkono wake. Wazee waliokaa na wanafunzi wake wa kwanza wanazidi kupungua. Wanaoweza kuandika na kurekodi wawaendee sasa. Na wewe msomaji, siku utakayonunua picha ya Tingatinga, uliza jina la aliyeichora, na hakikisha ameliandika juu ya ubao.